Namna ya Kuozesha Makumbi na Kusokota Kamba ya Usumba katika Pwani za Unguja na Pemba

Kamba ya usumba hutokana na nyuzi za kumbi la nazi zilizoozeshwa katika maji ya chumvi, zikapondwa, zikakaushwa, kisha zikasokotwa kwa mikono. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka na Michamvi hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, na katika vijiji vingi vya Pemba, kazi hii imekuwa mikononi mwa wanawake kwa vizazi vingi. Mpaka leo yako mashimo ya makumbi pwani ambayo wenyewe wanajulikana na kijiji kizima, ingawa hayana alama yoyote isipokuwa rundo la mawe.

Mwongozo huu unaieleza kazi hiyo kwa mtu anayetaka kuianza au kuirejesha kijijini kwake. Shimo limepewa nafasi kubwa zaidi kuliko kusokota, kwa sababu ninaamini kwamba wengi wanaoshindwa hushindwa pwani, kwa kuchagua mahali pabaya au kwa kukosa subira, na hakuna ustadi wa vidole unaoweza kuziokoa nyuzi zilizofukuliwa kabla ya wakati wake.

Inafaa kujua kwanza kwa nini nyuzi hizi zinastahimili bahari. Zaidi ya theluthi moja ya uzi wa kumbi ni lignini, yaani ile kemikali inayoupa mti ugumu wake, nayo huoza polepole sana. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kushona mbao za mtepe, yaani chombo cha kale cha matanga, kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja na kusafiri nao baharini. Wasafiri wa Kiyunani waliofika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 1 waliandika habari za vyombo vilivyoshonwa, kwa hiyo ujuzi wa kufunga chombo kwa kamba ni wa kale sana katika pwani hii.

Mnazi na makumbi yake

Chagua makumbi ya nazi zilizokomaa lakini ambazo ganda lake bado lina ukijani na maji ndani yake. Kumbi la dafu lina nyuzi changa zinazokatika, na kumbi la nazi iliyoanguka na kukauka juani hutoa nyuzi ngumu za rangi ya kahawia ambazo huchelewa kulainika na huumiza mikono wakati wa kusokota. Nyuzi hizo kavu si za kutupwa, kwa kuwa zinafaa kwa mazulia ya mlangoni na kwa brashi, lakini kwa kamba nzuri zitafute zile za kati. Nazi zikiangushwa na mkwezi, zifuliwe mapema, ikiwezekana ndani ya siku chache, na makumbi yaende pwani yangali na unyevu wake.

Wakati wa kufua nazi kwenye kifuo, jaribu kulitoa kumbi kwa vipande vikubwa vitatu au vinne. Uzi mmoja huwa na urefu wa kati ya sentimita 10 na 30, na ukilipasua kumbi ovyo utakuwa umeukata uzi kabla ya kazi kuanza.

Hapa niseme jambo moja kuhusu mnazi wenyewe, kwa sababu bila nazi hakuna makumbi. Wale chungu wekundu wanaoshona majani na kuyafanya viota, ambao tunawaita maji moto, huwaudhi sana wakwezi kwa kuuma kwao, na watu wengine huwachoma moto au kuwapulizia dawa. Utafiti uliofanywa hapa Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba chungu hao humfukuza mdudu anayefyonza vidaka na kuvifanya vianguke kabla ya kukua. Mnazi wenye maji moto wengi huwa na nazi nyingi zaidi. Mkwezi anaweza kujipaka majivu miguuni na mikononi au kupanda mapema asubuhi kabla chungu hawajachangamka, lakini viota vyao viachwe mahali pake.

Kuchagua mahali pa shimo

Shimo la makumbi linatakiwa liwe katika eneo ambalo maji hulifunika na kuliacha kila siku. Maji yanayoingia na kutoka ndiyo yanayoondoa ule weusi unaotoka kwenye makumbi, na ndiyo yanayofanya kazi hii isiharibu pwani. Huko Kerala, nchini India, ambako makumbi yamekuwa yakiozeshwa kwa wingi mno katika maji yaliyotulia ya mabwawa ya pwani, maji yalikosa hewa na samaki wakapungua. Sisi tuna bahari ambayo katika bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupanda na kushuka kwa takriban mita nne, na baraka hiyo ndiyo tunayopaswa kuitumia. Usiozeshe makumbi katika kidimbwi, kisima kilichoachwa au mkondo mdogo usiopitisha maji.

Urefu wa mahali kutoka ukingo wa pwani ndio jambo linalowakosesha wengi. Ukichimba juu sana, karibu na mchanga mkavu, maji ya bamvua yatalifikia shimo lako, lakini yatakapokuja maji mafu, bahari inapojaa nusunusu tu, shimo litakaa siku kadhaa bila kufikiwa na makumbi yatakauka nusu. Nyuzi za shimo la namna hiyo hutoka na madoa, sehemu laini na sehemu ngumu katika kumbi moja. Ukichimba chini sana, shimo litaonekana tu wakati wa bamvua kubwa, na utakuwa na siku chache mno katika mwezi za kulikagua. Mahali panapofaa ni pale ambapo maji hufika kila siku, hata katika maji mafu, na ambapo ukisimama wakati wa kupwa unaweza kuchimba bila kufukuzana na maji. Ili kupajua, nenda pwani wakati wa maji mafu, yaani mnamo tarehe 7 au 8 na tena tarehe 22 au 23 za mwezi wa kuandama, ukaangalie mstari ambapo maji yaliyojaa yamefikia. Shimo lako liwe chini ya mstari huo.

Ardhi yenyewe iwe mchanga uliochanganyika na tope. Mchanga mtupu huhamishwa na mawimbi na kuliacha shimo wazi, hasa wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba. Tope tupu hushika makumbi vizuri lakini huchosha kuchimba na ni hatari kwa mtu anayezama hadi magotini akiwa na mzigo kichwani. Katika upande wa mashariki wa Unguja, eneo la ndani ya mwamba, ambako mawimbi yamekwisha kuvunjika, hutoa mahali pengi pazuri. Pemba, yenye hori nyingi zinazoingia ndani ya nchi kavu, ina tope zaidi, na huko ni bora kutafuta kingo za hori zenye mchanga.

Kuna mahali ambapo hapafai hata kama ardhi yake ni nzuri. Usichimbe katikati ya majani ya bahari, kwa kuwa huko ndiko wanakokulia samaki wadogo na kaa, na jani lililong'olewa na mizizi yake huchukua muda mrefu kurudi. Usichimbe penye miche ya mikoko. Epuka njia za ngalawa, mashamba ya mwani na sehemu ambazo wanawake wenzako huchokoa chaza na kombe. Kabla ya kuchimba, zungumza na wale wenye mashimo yao hapo, kisha umweleze sheha na kamati ya wavuvi. Ikiwa pwani yenu imo ndani ya hifadhi, kama vile ile ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997 au ile ya Mkondo wa Pemba, ulizia pia taratibu za hifadhi hiyo. Mazungumzo haya yana faida kwako mwenyewe, kwa sababu makumbi yako yatakaa pwani kwa miezi bila mlinzi, na kinachoyalinda ni kwamba watu wanajua ni ya nani.

Kufukia

Siku bora za kufukia ni za bamvua, yaani siku mbili au tatu baada ya mwezi kuandama au baada ya mwezi mpevu. Katika siku hizo maji ya Zanzibar huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Fika pwani maji yanapoanza kuondoka, ili kazi ya kuchimba, kupanga na kufunika imalizike kabla hayajageuka.

Chimba shimo lenye kina cha kufika gotini au zaidi kidogo, na upana ambao unaweza kuufikia katikati yake ukiwa umepiga magoti ukingoni. Mashimo mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa katika shimo kubwa makumbi ya katikati hayapati maji mapya na huchelewa kuiva. Makumbi yaliyokauka huelea, kwa hiyo yaloweke kwanza katika maji ya bahari mpaka yawe mazito. Yapange kwa tabaka, upande wa ndani ukielekea chini, na kila tabaka ulikanyage na kulifunika kwa tope kidogo. Juu kabisa weka makuti yaliyochakaa, kisha mchanga, kisha mawe ya kutosha kuzuia makumbi yasiinuke maji yakijaa. Wako watu wanaokata matawi ya mikoko kwa ajili ya kufunikia na vigingi vya mikoko kwa ajili ya alama. Tafadhali usifanye hivyo. Ukataji wa mikoko unahitaji kibali, na zaidi ya sheria, mikoko ndiyo inayozuia pwani isiliwe na mawimbi na ndiyo inayokusanya lile tope unalolihitaji. Mawe yanatosha, nayo hayakatwi popote.

Andika mwezi uliofukia. Kumbukumbu ya kichwa hupotea, hasa kwa mtu mwenye mashimo kadhaa yaliyofukiwa nyakati tofauti.

Muda wa kuozesha na namna ya kupima

Ndani ya shimo, vijidudu visivyohitaji hewa hula ile gundi inayozishikanisha nyuzi na unga wa kumbi, na kuziacha nyuzi zenyewe zikiwa nzima. Kazi hiyo haiharakishwi. Muda wa chini ni miezi mitatu, nao huwatosha wanaotaka usumba wa kazi za kawaida. Wanaotaka nyuzi laini na nyeupe huacha miezi sita, na wengine hufika hata kumi. Joto huharakisha, na kwa hiyo shimo lililokaa miezi ya kaskazi huwahi kuliko lile lililokaa wakati wa kipupwe.

Likague shimo kila bamvua, hasa baada ya siku za upepo mkali, na urudishe mchanga na mawe yaliyosogea. Unapofika muda wa kupima, toa kumbi moja kutoka katikati ya shimo, si la juu, kwa sababu la juu huiva kwa namna yake. Lisuuze na uzivute nyuzi kwa vidole. Zikiachana kwa urahisi, na ule unga ukatoka kwa maji tu, shimo limeiva. Ikiwa lile ganda la nje bado limeng'ang'ania, au ukisikia nyuzi zikikatika badala ya kuachana, rudisha kumbi, funika shimo na usubiri angalau bamvua mbili nyingine. Shimo linalofukuliwa mapema kwa sababu mnunuzi yupo mlangoni hutoa usumba mgumu ambao mnunuzi huyohuyo ataushushia bei.

Harufu ya yai viza utakayoisikia wakati wa kufukua ni ya kawaida. Hata hivyo, usifanye kazi hii ukiwa na kidonda kisichofunikwa mkononi au mguuni, na vaa viatu, kwa kuwa mashimo huvutia wanyama wenye miiba na magamba makali. Makumbi yasuuzwe hapohapo pwani katika maji yanayoanza kujaa, na shimo lijazwe tena mchanga ikiwa hulitumii mara moja, ili mtu mwingine asitumbukie usiku.

Kuponda na kukausha

Weka kumbi juu ya gogo au jiwe bapa na ulipige kwa kipande cha mti mzito usio na kona kali. Pigo liwe la kadiri na lirudiwe mara nyingi, huku kumbi likigeuzwa, kwa kuwa pigo moja la nguvu huvunja nyuzi. Ganda la nje litabanduka. Lichambue na kulitupa kando. Suuza, kisha ponda tena mpaka unga wote utoke. Kwa kawaida wanawake huifanya kazi hii wakiwa pamoja kivulini, na si kwa ajili ya mazungumzo pekee. Aliye mgeni katika kazi hujifunza nguvu ya pigo kwa kuisikia sauti ya pigo la jirani yake, na sijui njia nyingine inayofundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Tandaza usumba juani kwa siku moja au mbili, ukiugeuzageuza, mpaka ukauke kabisa, halafu uchambue kwa vidole na kuunyoosha. Ule unga uliobaki usiutupe. Urundike mahali unaponyeshewa na mvua ya masika yote ili chumvi itoke, na baada ya hapo uchanganye na udongo wa kitalu, kwani huhifadhi maji kwa muda mrefu na unafaa sana katika ardhi ya uwanda yenye mawe ambayo maji hayakai.

Kusokota

Chukua nyuzi kiasi cha unene wa penseli, zilowanishe kidogo, na uzisokote kwa viganja viwili, au kwa kiganja kimoja juu ya paja, kuelekea upande mmoja daima. Kabla ya ncha kuwa nyembamba, ongeza nyuzi mpya, ukizipishanisha na za zamani kwa urefu wa kiganja ili kiungo kisionekane wala kisikatike. Ukishapata ncha mbili, zipindanishe pamoja kuelekea upande ulio kinyume na ule uliosokotea. Kila ncha inataka kujifungua kwa upande wake, na kwa kuwa zimepindanishwa kinyume, zinapojaribu kujifungua huzidi kubanana. Kamba ambayo ncha zake zimesokotwa na kupindanishwa kwa upande mmoja itafunguka yenyewe siku ya kwanza ya kazi.

Kwa kamba nene ya nanga au ya kufungia ng'ombe, tumia ncha tatu, na mtu mmoja azivute huku mwingine akizipindanisha, kwa mkazo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, isugue kamba nzima kwa kipande cha kumbi kikavu ili vinyweleo viondoke.

Matumizi na bei

Kamba ya usumba inafaa kwa kufungia fito na makuti ya paa, kwa kitanda cha kamba, kwa kufungia vyombo na wanyama. Hunyumbuka sana kabla ya kukatika, jambo linaloifanya iwe nzuri kwa chombo kinachochezewa na mawimbi, lakini kwa unene uleule haina nguvu kama ya nailoni, kwa hiyo ongeza unene panapohitajika. Mkwezi anayeitumia miguuni lazima aikague kabla ya kila mnazi na aibadilishe mara nyuzi zinapoanza kukatika.

Ningependa zaidi ijaribiwe katika mashamba ya mwani. Tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, mwani umekuwa ukifungwa kwa taitai za plastiki, na vipande vinavyokatika huishia mwambani na matumboni mwa viumbe. Zanzibar ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na hizi kamba ndogo ni plastiki ileile iliyobaki majini. Nyuzi nyembamba za usumba za ncha mbili zinaweza kufunga mche wa mwani hadi kuvunwa, jambo linalochukua takriban wiki sita. Anza na mistari michache, linganisha na ile ya plastiki, na uhesabu miche iliyopotea kila upande kabla ya kubadilisha shamba zima. Kamba za usumba zilizochakaa zirudishwe nchi kavu, ziwe kuni au mbolea.

Hifadhi kamba kwa kuining'iniza mahali pakavu penye hewa. Maji ya mvua na unyevu wa sakafu huila haraka kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo kamba iliyonyeshewa ikaushwe kabla ya kukunjwa.

Unapouza, uza kwa pima, na mkubaliane mapema kama pima hiyo ni ya mikono ya mnunuzi au ni ya kipimo cha takriban mita 1.8, kwa kuwa tofauti ndogo kwa kila pima huwa kubwa katika mzigo mzima. Katika kukadiria bei, wengi huhesabu siku za kuponda na kusokota tu. Hesabu pia kuchimba, ukaguzi wa kila bamvua na ubebaji wa makumbi kwenda na kurudi. Wasokotaji wakiwa katika kikundi, waweke bei moja na daraja mbili za kamba, ile ya miezi mitatu na ile ya miezi sita au zaidi, na kila mzigo uandikwe mwezi uliofukiwa na mwezi uliofukuliwa.